Konokono Walioacha Kuogopa

Kila siku baada ya masomo Sindano aliingia maabara kwa mlango wa nyuma, akatundika mkoba wake kwenye msumari na kunawa mikono kwa maji matupu. Sabuni ilikuwa marufuku mle ndani. Tone moja la povu lilitosha kuwadhuru konokono, na konokono ndio waliokuwa wenye chumba. Akishanawa, aliyachana majani ya letasi vipande vidogo, akafunua kifuniko cha tangi la kwanza, kisha la pili, akavidondosha kimoja kimoja bila kufanya kishindo.

Wembamba wake ndio uliompa jina. Darasa zima la sita lilimwita Sindano, na hata nyumbani jina hilo lilikuwa limemganda. Mama yake alishona nguo kiwandani na kutoka jioni, kwa hiyo yeye alimsubiri mama yake mdogo katika chuo alikofundisha, wakarudi nyumbani pamoja. Kulisha konokono ilikuwa kazi yake, na aliipenda kuliko michezo yote.

Siku hiyo alikuwa ameshafunua tangi la pili, lile lenye utepe wa buluu, na mkono wake ulikuwa juu ya maji, mama mdogo aliposema kutoka kwenye kompyuta, "Hebu acha. Hao usiwape kitu."

Sindano akaganda. Kipande cha letasi kilimning'inia kidoleni.

"Wana nini?"

"Hawana kitu. Nawapima leo. Mkuu wa idara anataka majibu kabla ya Ijumaa."

"Ulisema wiki ijayo, mama mdogo."

"Nilisema. Na mkuu naye amesema. Kati yangu na yeye, nani mkuu?" Mama mdogo alicheka, akavuta kiti. "Njoo uone. Wewe ndiye unayewalisha, una haki ya kuona."

Sindano alisogea kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Konokono wa matangi yote mawili walikuwa wa aina moja, wadogo, wa rangi ya kahawia, waliotolewa katika bwawa moja. Wale wa utepe mweupe hawakuwahi kufanywa lolote. Wale wa utepe wa buluu walikuwa wametishwa. Kwa siku kadhaa mama mdogo aliwapa mshtuko mdogo wa umeme, usioweza kuwajeruhi, lakini wa kutosha kuwafundisha kwamba dunia ina hatari. Baada ya hapo ukiwagusa hata kwa ncha ya brashi, walijivuta ndani ya magamba yao na kukaa humo muda mrefu. Hata kivuli cha mkono kiliwatia hofu.

Sindano aliwahi kuuliza hofu hiyo inakaa wapi, maana konokono hana kichwa cha kusema kweli hiki ni kichwa. Mama mdogo akamchorea. Duara la kwanza lilikuwa seli ya neva inayohisi mguso. Duara la pili lilikuwa seli inayovuta mwili ndani. Kati ya maduara hayo aliacha mwanya mwembamba.

"Hapa panaitwa sinapsi," alisema. "Neva ya kwanza haigusani na ya pili. Inatuma ujumbe ng'ambo, kama mtu anayemnong'oneza jirani kupitia ukuta. Konokono akitishwa, mnong'ono unageuka kelele. Akiguswa taratibu, tena na tena, bila kuumia, kelele inashuka mpaka jirani hajishughulishi tena. Kujifunza kwa mnyama mdogo kama huyu ni huko: nguvu ya sinapsi kupanda na kushuka."

Ndani ya kompyuta alikuwa ametengeneza kielelezo cha neva hizo. Humo hamkuwa na konokono, mlikuwa na hesabu tu. Vidoti vilikuwa neva, mistari ilikuwa sinapsi, na kila mstari ulikuwa na namba ya nguvu yake. Mama mdogo alikiambia kielelezo kwamba konokono ametishwa hivi na kupumzishwa hivi, nacho kikatabiri atajificha kwa muda gani akiguswa. Kielelezo kilisema kwamba konokono wa utepe wa buluu, wakiachwa bila kuguswa, wangebaki na hofu yao.

Wakiachwa bila kuguswa. Na Sindano hakuwaacha.

Aliwaonea huruma. Kila alipofunua tangi walijikunja kana kwamba amekuja kuwaua, yeye aliyewaletea chakula. Siku moja, mama mdogo akiwa darasani, alichukua brashi laini ya kuchorea, akamgusa mmoja shingoni, kidogo tu, akamnong'oneza, "Usiogope, ni mimi." Konokono akajificha. Sindano akangoja atoke, akamgusa tena. Kesho yake akarudia kwa karibu wote. Ikawa desturi ya kila mchana, mpaka ikafika siku hawajifichi tena, wananyoosha pembe zao na kula kwa raha. Siku hiyo alirudi nyumbani akiimba. Hakujua kwamba ameharibu kitu. Alichojua ni kwamba mama mdogo alikuwa amemwambia, kwa maneno yaliyo wazi, asiwaguse.

Sasa mama mdogo alichovya brashi majini, akamgusa konokono wa kwanza. Konokono alitikisa pembe moja, akaendelea na safari yake. Wa pili hakutikisa hata pembe. Wa tatu, vivyo hivyo. Mama mdogo aliwagusa wote wazima, akamwacha mmoja mwenye gamba lililovunjika kidogo, akaandika, akageukia kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili. Wa kielelezo ulikuwa juu kabisa. Wa konokono ulikuwa chini, umelala.

"Ajabu," alisema taratibu. "Hawaogopi."

Hapo ndipo Sindano alipopaswa kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine. "Labda wamesahau."

"Hawasahau upesi hivyo. Ama kielelezo changu ni kibovu, ama hawa ni wagonjwa. Konokono mgonjwa hana hata nguvu ya kujificha." Mama mdogo aliinama akanusa maji.

Mlango ukasukumwa kwa mguu, akaingia Fundi Maji, ndoo mkono huu na ndoo mkono ule. Yeye ndiye aliyetunza matangi yote ya jengo lile, na kazi hiyo aliifanya huku akiongea kutoka asubuhi mpaka jioni, awe na msikilizaji au asiwe naye.

"Shikamoo, Fundi," alisema Sindano.

"Marahaba, Daktari. Wagonjwa wako hawajambo? Wangu wote wazima, isipokuwa pampu ile, inakoroma kama baba mkwe."

"Fundi," mama mdogo alimkatiza, "juzi ulipobadilisha maji ya tangi la buluu, ulitumia ndoo gani?"

"Hizi hizi, Mwalimu."

"Hazikuwa zimeoshwa kwa sabuni?"

Fundi Maji aliziweka ndoo chini. "Sabuni? Mwalimu, miaka yote hii? Mimi sabuni hata kwapani naitumia nikiwa nyumbani tu."

Siku nyingine mama mdogo angecheka. Siku hiyo hakucheka. "Nauliza kwa sababu kuna kitu kimewapata hawa."

"Mimi sijaweka sabuni."

"Huenda mtu mwingine aliazima ndoo."

"Ndoo zangu haziazimwi."

Ilikuwa bahati mbaya kwamba mlango ulikuwa wazi, na mkuu wa idara alikuwa akipita ukumbini na faili zake kwapani. Alikuwa mtu mrefu, asiyepandisha sauti hata kidogo, na kwa sababu hiyo watu walimwogopa zaidi. Aliuliza kumetokea nini. Mama mdogo akamweleza. Mkuu alimtazama Fundi Maji, akatazama ndoo.

"Fundi, niachie ufunguo wa maabara mpaka Ijumaa," alisema. "Tukiona tatizo si maji, utaupata. Tukiona ni maji, itabidi tutafute mtu mwingine wa kazi hii. Wanyama hawa hawawezi kulalamika wenyewe."

Fundi Maji alitoa funguo mfukoni. Zilikuwa nyingi, na ilimchukua muda kuutoa ule wa maabara kwenye pete, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimelowa. Hakuna aliyemsaidia. Sindano alisimama karibu na sinki akitazama vidole vile mpaka mzee yule alipotoka.

Njiani kurudi nyumbani alijaribu. Walipofika kwenye duka la kona alisema, "Mama mdogo."

"Naam."

"Eti..." Gari lilipita likapiga honi, Sindano akaruka kando kama aliyechomwa na mwiba.

"Wewe nawe leo una nini? Umekuwa kama konokono wangu kabla hawajaharibika."

"Hakuna kitu."

Mezani, wakati wa chakula, alijaribu tena. Lakini mama yake alikuwa amechoka, anajikanda shingo, na mama mdogo alikuwa akimweleza dada yake jinsi kazi ya mwaka mzima ilivyoingia doa. "Mkuu akisema kielelezo ni kibovu, nitaanza upya," alisema. "Na kama ni yule Fundi, nitamsikitikia, ila mtu asiyesikia maagizo hafai kukaa maabara."

Mtu asiyesikia maagizo. Sindano aliinamisha uso kwenye sahani. Aliona kwamba akisema, mlango ule wa nyuma utafungwa, hatafunua tena vifuniko vile, na mama mdogo hatamchorea tena maduara. Akanyamaza. Alishangaa kuona kwamba kunyamaza mara hii hakukuwa kugumu kama mara ya kwanza.

Shuleni aliketi dawati moja na msichana aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuzimika. Kesho yake, wakati wa mapumziko, Redio alimvuta pembeni ya darasa.

"Sema. Umeiba?"

"Sijaiba."

"Umevunja?"

"Sijavunja."

"Basi umependa."

"Redio, acha utani. Nimefanya jambo, na mtu mwingine ndiye anayelaumiwa."

Redio akashusha sauti, jambo lililokuwa adimu. Kisha akauliza, "Wanajua ni wewe?"

"Hawajui."

"Basi nyamaza. Ukinyamaza siku mbili tatu litapita. Mimi nilivunja kikombe cha bibi, akalaumiwa paka, na paka mwenyewe hana habari, ananona tu."

"Huyu si paka. Ni mtu, ana kazi."

"Ah." Redio alikuna kichwa. "Hapo sasa sijui. Ila wewe ukisema, utachapwa?"

"Sijui. Sidhani."

"Sasa unaogopa nini?"

Sindano alirudi darasani. Kila mlango wa darasa ulipofunguliwa alishtuka. Tarishi wa shule alipopita na karatasi mkononi, alijificha nyuma ya daftari. Mwalimu wa hesabu alimwita jina, kumwomba tu afute ubao, naye akasimama amejikunja mpaka watoto wa nyuma wakacheka. "Sindano imepinda," mmoja akasema. Alifuta ubao huku akiwafikiria konokono wa utepe wa buluu siku zile za kwanza, walivyokuwa wakijificha hata kwa kivuli. Hakuna aliyekuwa anamgusa yeye kwa ubaya. Lakini kila kitu kilimtisha.

Mchana huo Fundi Maji alikuwa ameketi nje ya jengo, karibu na bomba, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa na kazi ya kufanya, na hakuwa akiongea. Sindano alitamani kuzunguka apite upande mwingine, lakini alikwishaonwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Hakumwita Daktari. Sindano alisimama akichezea mkanda wa mkoba.

"Unajua," alisema Fundi Maji, kama anayejisemea mwenyewe, "jana nilikuwa na hakika. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba sikutia sabuni. Lakini wameniuliza, na leo wamerudia kuniuliza, mpaka nimeanza kuona ndoo ina povu. Kila nikikumbuka siku ile, naiona ina povu. Sijui tena." Alipapasa mdomo wa ndoo kwa kidole. "Labda nimezeeka. Mtu akianza kusahau, heri aondoke mwenyewe kabla hajaambiwa."

Sindano alikuwa amedhani kwamba anaficha jambo lake peke yake. Kumbe kimya chake kilikuwa kinaingia katika kichwa cha mtu huyu na kubadilisha vitu humo, tone kwa tone, mpaka ukweli wake mwenyewe umeanza kumpotea.

Alitaka kusema pale pale. Badala yake akageuka akakimbia ndani.

Maabarani, mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya tangi la buluu, mikono ya shati imekunjwa. Pembeni kulikuwa na beseni tupu.

"Afadhali umekuja," alisema. "Nishikie kifuniko. Namwaga maji yote, hawa nawarudisha bwawani, naanza na wengine. Mkuu anakuja sasa hivi, nitamwambia ni maji."

"Usimwage."

"Nini?"

"Usimwage, mama mdogo. Si maji." Sauti yake ilikuwa nyembamba hata hakuitambua. Alishika ukingo wa meza. "Si maji. Si Fundi. Ni mimi. Nili... niliwagusa."

Pampu ya hewa iliendelea kukoroma.

"Niliwagusa kwa brashi. Walikuwa wanaogopa, nikawaonea huruma. Nilitaka tu waache kuogopa. Uliniambia nisiwaguse, na mimi nikawagusa, nikaona wanafurahi, sikujua kama..." Alipangusa macho. "Fundi hajaweka sabuni. Sasa hata yeye anadhani ameweka."

Alingoja kelele. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, shingo imezama, hasa kama konokono. Lakini mama mdogo alivuta kiti akaketi, uso wake ukalingana na wa Sindano.

"Uliwagusa kwa brashi ipi?"

Sindano alionyesha.

"Sehemu gani ya mwili?"

"Shingoni. Taratibu."

"Wote, au baadhi?"

"Wote. Isipokuwa yule mwenye gamba lililovunjika kidogo, huyo nilimwogopea."

"Kila siku?"

"Kila siku ya shule. Tangu ulipomaliza kuwatisha. Ulipokuwa darasani."

"Walipojificha, uliwangoja watoke kwanza?"

"Ndiyo."

Mama mdogo akageukia kompyuta. Vidole vyake vilianza kuandika, kwanza polepole, baadaye kwa kasi. Alikuwa akikiambia kielelezo jambo ambalo hakikuwa kimeambiwa: kwamba konokono wale wa hesabu, baada ya kutishwa, waliguswa kwa upole, wakaguswa tena, siku baada ya siku, na hakuna kibaya kilichowapata. Sindano alisimama nyuma yake akipangusa pua kwa mkono wa sare. Hakujua kama ameadhibiwa au bado.

Mstari wa kielelezo ulianza juu kama jana. Ukateremka ngazi moja. Ukapanda kidogo, ukateremka tena. Uliendelea kushuka mpaka ukaukaribia mstari wa konokono, ukakaa juu yake kidogo tu, kama watu wawili wanaotembea njia moja nyembamba.

Mama mdogo alichukua brashi, akafunua tangi, akamtafuta konokono mwenye gamba lililovunjika. Alimgusa. Konokono yule akajivuta ndani mara moja, akajifungia, na hakutoka.

"Huyu hukumgusa," alisema mama mdogo.

"Sikumgusa."

"Naye bado anaogopa." Aliketi tena, akavua miwani. "Wangu hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamejifunza mara ya pili, na mimi sikujua nani aliyekuwa mwalimu."

Mkuu wa idara alibisha mlangoni. Sindano alijibanza nyuma ya kiti, lakini mama mdogo alimshika mkono akamvuta mbele.

"Mweleze mkuu ulichonieleza."

"Mama mdogo, tafadhali, mwambie wewe."

"Jambo ni lako. Mimi nipo hapa."

Alieleza. Alipofika kwenye ufunguo wa Fundi Maji alikwama, ikabidi aanze upya. Mkuu alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Kisha alimwomba mama mdogo amwonyeshe mistari, akaitazama kwa makini.

"Ulifanya vibaya," alimwambia Sindano, kwa sauti ile ile isiyopanda. "Ulichofanya kwa huruma kingeweza kutupotosha sote, na kingemnyima mtu riziki yake. Kwa muda utakaa mbali na matangi haya. Watu wengine watalisha."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na ungenyamaza mpaka Ijumaa, ingekuwa vibaya zaidi. Umeelewa tofauti?"

"Nimeelewa."

Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani mbele ya mama mdogo. "Huu mrudishie mwenyewe wewe," alisema, akaenda zake.

Sindano alianza kulia upya, safari hii bila kujizuia, na mama mdogo akamwacha alie mpaka akaishiwa.

"Sasa nisikilize," alisema. "Jana ulitaka kuniambia?"

"Ndiyo. Hapa, na njiani, na mezani."

"Ukanyamaza mara zote."

"Ndiyo."

"Na ya mwisho ilikuwaje?"

Sindano alifikiri. "Ilikuwa rahisi kidogo."

"Hilo ndilo linalonitisha mimi, mwanangu, kuliko tangi. Wewe una neva nyingi kuliko konokono, wala sitaki uamini kwamba mtu ni konokono mkubwa. Lakini katika jambo hili tumefanana nao. Njia unayoipita mara kwa mara ndiyo inayopanuka. Ukiuficha ukweli leo, kesho kuuficha kunakuwa kwepesi, na keshokutwa hata moyo haushtuki. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mtu hawi mwongo kwa siku moja. Anajizoeza, kama ulivyowazoeza hawa."

"Na mimi nimeshazoea?"

"Bado. Umesema kwangu, ukasema kwa mkuu. Nayo hiyo ni njia. Leo ilikuwa nyembamba, imejaa miiba, umepita ukilia. Ukiipita tena itakuwa pana. Usingoje hofu iishe ndipo useme. Sema nayo ikiwa humo humo ndani. Inapungua kwa kusema, haipungui kwa kungoja."

Sindano alitikisa kichwa kukubali.

"Na ukimhurumia mnyama au mtu," mama mdogo aliongeza, "njoo uniambie. Huruma yako siitaki iishe. Huyu aliyebaki na hofu, kazi yake ikiisha, tutamtuliza pamoja, kwa ruhusa. Twende sasa."

Fundi Maji alikuwa bado pale kwenye bomba. Alipowaona alisimama, akaigeuza ndoo vizuri kana kwamba amekutwa na kosa.

Sindano alitangulia. Alisema haraka, asije akajizuia. "Fundi, ni mimi niliyewagusa konokono ndiyo maana hawajifichi. Maji yako yalikuwa safi. Ndoo haikuwa na povu, usiione tena na povu. Nisamehe."

Fundi Maji alimtazama, akamtazama mama mdogo, akarudi kwa mtoto. "Haikuwa na povu," alirudia taratibu.

"Haikuwa."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. "Nilikuwa naanza kumwogopa hata mke wangu, nisije nikamsahau nikamwita jina la pampu." Alimwekea Sindano mkono kichwani. "Umenitesa, Daktari. Lakini umekuja mwenyewe. Yamekwisha."

Mama mdogo alimpa ufunguo.

"Fundi, ile pampu bado inakoroma."

"Inakoroma, Mwalimu. Nitaitazama."

"Na lile beseni, nimeliacha mezani. Unaweza kulirudisha."

"Nitalirudisha."

"Maji ya akiba yapo?"

"Yapo, Mwalimu."

Mama mdogo alitazama bomba, akatazama viatu vyake. Alikuwa na jambo, na Sindano, aliyekuwa amesimama karibu naye, aliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikikunja na kukunjua ncha ya mkono wa shati. Alivijua vidole vya namna hiyo. Akaushika mkono ule, akaubana kidogo.

"Sikutoka kuja kuuliza pampu," alisema mama mdogo hatimaye. "Ulinijibu ukweli jana, Fundi, na nilikusikia. Nikafanya kama sikukusikia, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu liwe kosa lako kuliko kielelezo changu. Nilikukosea mbele ya mkuu na mbele ya mtoto. Nisamehe."